MPIMAJI WA PILI
Ni Mtu wa Ujuzi Gani Tumwajiri Atuchambulie Hesabu za Biashara Yetu?

(Maneno ya hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati Ndogo ya Ajira mbele ya wajumbe na wageni katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Tumeagizwa na Bodi tuseme maneno machache katika siku hii ya furaha, na jambo tulilopewa si la ngoma wala la kusifiana. Ni jambo la ajira. Katika makisio yatakayoletwa mbele ya Mkutano Mkuu mtauona mshahara wa mtumishi ambaye katika miaka hii kumi hatujapata kuwa naye, naye ni mchambuzi wa taarifa za biashara. Wajumbe wengi wametuuliza mtu huyu ni nani, atafanya nini ambacho mhasibu hakifanyi, na kwa nini alipwe kwa fedha itokayo katika ushuru wa kilo za korosho za mkulima. Maswali hayo ni ya haki. Mkulima aulizaye senti yake inakwenda wapi hapaswi kuonekana mkorofi, na sisi twapenda kumjibu kabla hajauliza mara ya pili.

Tuanze na habari ya zamani ambayo wana ushirika wa nchi hii waijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na manung'uniko juu ya mizani ya wanunuzi. Mkulima alibeba pamba yake, akapimiwa, akatajiwa uzito, akalipwa. Lakini yeye mwenyewe hakuwa na njia ya kujua kama uzito aliotajiwa ndio uzito aliouleta. Wakulima wale hawakuishia kulalamika. Waliweka wapimaji wao wenyewe, watu wasiokuwa wa mnunuzi, ili uzito usitajwe na upande mmoja peke yake. Katika harakati hizo zilizoongozwa na Paul Bomani na wenzake ndimo lilimozaliwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria mwaka 1955, ambalo likaja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima katika Afrika.

Basi mtu tumtafutaye leo ni mpimaji wa pili wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba mizani yetu ya leo haiko mlangoni tu. Iko katika leja ya chama cha msingi, iko katika stakabadhi ya ghala kuu, iko katika karatasi ya mnada, iko benki, na iko katika simu ya mkulima inayopokea ujumbe wa malipo. Tangu Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, na tangu utaratibu huo uanze kutumika kwa korosho katika mwaka 2007, kilo moja ya korosho huandikwa mara nyingi kabla mwenyewe hajapata haki yake. Na katika msimu wa 2024/2025 minada nayo iliingia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Kila mahali panapoandikwa pana uwezekano wa maandishi kutofautiana. Mtu mmoja hana budi kuyaweka maandishi hayo yote mbele yake, kuyalinganisha, na kutuambia kwa lugha tuielewayo yanasema nini.

Kazi hii si ngeni duniani, ijapokuwa jina lake ni geni kwetu. Mwaka 1865 mwandishi mmoja wa Marekani, Richard Millar Devens, alieleza habari za Sir Henry Furnese, mtu wa benki wa Uingereza, aliyekuwa na mtandao wa kumletea habari kutoka Uholanzi, Ufaransa na Ujerumani mapema kuliko wenzake, naye akazigeuza habari hizo kuwa faida. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, aliandika makala kueleza jinsi mashine zingeweza kukusanya taarifa na kumpelekea kila mtumishi zile zinazomhusu. Hiyo ndiyo nasaba ya kazi yenyewe. Twaona vyema kusema kwamba Furnese alijitafutia faida yake peke yake, hali sisi twatafuta faida ya watu wengi. Na hiyo ni tofauti kubwa, maana itatubidi kuitazama katika kuchagua mtu.

Kwanza tuondoe mashaka juu ya mhasibu. Mhasibu wetu huandika fedha iliyoingia na iliyotoka, naye huifanya kazi yake. Mkaguzi wa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika huja akatazama kama vitabu ni vya kweli na kama sheria imefuatwa. Fundi wa kompyuta huhakikisha kwamba mashine inawaka na mtandao unafika. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeajiriwa kutuambia kwa nini chama fulani cha msingi kimeleta korosho za daraja la pili miaka mitatu mfululizo, au ni wiki gani magunia huadimika, au ni ghala gani linalopoteza uzito kuliko mengine. Taarifa za mambo hayo tunazo zote. Zimelala katika makabati na katika kompyuta, kila moja mahali pake, wala hazijapata kukutanishwa.

Sasa tuje kwenye ujuzi wenyewe. Waombaji wengi watatujia na vyeti vingi, na kila cheti kitataja jina la programu. Mmoja atasema anajua Power BI, wa pili atasema Tableau, wa tatu atasema anaandika lugha ya SQL, ile itumikayo kuiuliza kanzidata maswali, ambayo ilibuniwa kwa IBM katika miaka ya 1970. Vyombo hivyo ni vizuri, na mtu asiyejua hata kimoja asituombe kazi. SQL hasa hatuwezi kuisamehe, maana taarifa zetu zimo katika mifumo, na asiyeweza kuzitoa mwenyewe atakuwa akimwomba fundi kila asubuhi. Vilevile awe hodari wa majedwali ya Excel, kwa kuwa vyama vya msingi vingi hutuletea hesabu kwa njia hiyo. Lakini programu mtu mwenye akili hujifunza katika miezi michache. Sisi twataka kutazama yale ambayo hayafundishiki kwa miezi michache.

La kwanza kwetu ni kwamba aijue bidhaa, au awe na hamu ya kuijua hata kuingia ghalani na kuchafuka vumbi. Tutaeleza kwa mfano, na twaomba radhi kwa kuwachukua katika hesabu mchana wa sherehe.

Tuseme chama cha msingi kimepima kilo 50,000 za korosho ghafi, zikiwa na unyevu wa asilimia 12. Zimekaa, zimeanikwa, zimesafirishwa, na zilipopimwa katika ghala kuu unyevu ulikuwa asilimia 8, na uzito kilo 46,000. Wakulima wanasema wameibiwa kilo 4,000. Mwenye ghala anasema ni unyaufu wa kawaida. Nani mkweli? Mtu ajuaye kompyuta tu atachora mchoro mzuri wa rangi mbili unaoonyesha kilo 50,000 upande huu na kilo 46,000 upande ule, na ugomvi utazidi kuliko mwanzo. Mtu tumtakaye atafanya hivi: katika kila kilo 100 za mwanzo, kilo 12 zilikuwa maji na kilo 88 zilikuwa korosho kavu. Korosho kavu haipungui kwa jua. Baada ya kukauka, kilo hizo 88 ni asilimia 92 ya uzito mpya. Kwa hiyo uzito mpya ni kilo 95.65 hivi. Basi kilo 50,000 zilipaswa kuwa karibu kilo 47,830. Kilo 2,170 ni maji yaliyokwenda hewani, wala hakuna wa kudaiwa. Lakini kilo 1,830 zilizobaki hazielezeki kwa jua. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 5 za watu wa kijiji kimoja.

Angalieni, ndugu, jambo lililotokea hapa. Wakulima walikuwa na haki, lakini si kwa kiasi walichodhani. Na mwenye ghala alikuwa na udhuru, lakini si kwa kiasi alichodai. Ugomvi wa kilo 4,000 umekuwa swali la kilo 1,830, nalo ni swali lililo na mahali pa kuulizwa: je, vipimo vya unyevu vilichukuliwa kwa chombo kilicho sawa? Je, mizani ya kijiji ilihakikiwa na Wakala wa Vipimo? Je, gari lililala njiani? Mchambuzi hatoi hukumu. Yeye hulifikisha swali mbele ya wenye mamlaka likiwa limepunguzwa hadi kiini chake. Mtu asiyejua kwamba korosho hukauka hawezi kuifanya kazi hii hata akiwa na shahada tatu.

Pamoja na hayo yampasa ajue wastani na hila zake. Hesabu hii yaonekana ndogo, lakini imewahi kugombanisha watu wazima mikutanoni. Tuseme katika mnada wa kwanza tani 100 ziliuzwa kwa shilingi 3,500 kwa kilo, na katika mnada wa pili tani 900 ziliuzwa kwa shilingi 3,000. Ukijumlisha bei mbili na kugawa kwa mbili utapata shilingi 3,250, na mtu anaweza kusimama jukwaani akaitangaza bei hiyo kuwa wastani wa msimu. Wakulima watapiga makofi. Kisha watakwenda benki. Bei ya kweli, ukizihesabu tani zenyewe, ni shilingi 3,050. Shilingi 200 kwa kila kilo zilikuwa za maneno tu, na mkulima asiyeziona katika akaunti yake atadhani zimeliwa, hali hazikuwako tangu mwanzo. Mwombaji yeyote tutampa hesabu ya namna hii, na atakayetuletea 3,250 tutamshukuru kwa kuja.

Kadhalika azijue nyakati. Akituambia kwamba mauzo ya Desemba yamepungua kuliko ya Novemba na kwa hiyo biashara inaharibika, tutajua kwamba hajapata kuishi kusini. Msimu wa korosho una kupanda na kushuka kwake. Novemba hulinganishwa na Novemba ya mwaka uliopita, tena kwa kuangalia mvua na maua. Na asiwe mwepesi wa kusema kwamba jambo hili limesababishwa na jambo lile kwa kuwa tu yamefuatana. Vijiji vilivyopata salfa nyingi vyaweza kuwa vimevuna zaidi. Lakini yamkini ndivyo vijiji vyenye mikorosho michanga na barabara nzuri, vikafikiwa kabla ubwiri unga haujayashika maua, ambapo vingine vilipata mifuko ileile wakati maua yamekwisha kuungua. Mfuko uliochelewa huandikwa katika leja sawasawa na mfuko uliowahi. Leja haijui tofauti yake, na mchambuzi atakayeisoma leja peke yake atakuja kutushauri kwamba salfa haifai.

Tukitoka hapo twaingia katika jambo ambalo limetuchukua muda mrefu katika kamati, nalo ni majina. Mjini watu hufikiri kwamba taarifa zikishakuwa katika kompyuta zimekuwa safi. Sisi twajua kwamba katika daftari la kijiji kimoja mwaweza kuwamo akina Hamisi Selemani watano, na kwamba mmoja wao ameandikwa Selemani katika leja, Suleimani benki, na Seleman katika kitambulisho. Kompyuta itamhesabu kuwa watu watatu, au itawafanya watu watano kuwa mmoja, na malipo yatakwenda kusikostahili. Namba ya simu nayo si dawa, kwa maana simu huwa ya mtoto, au imeuzwa, au imepotea. Na yako mashamba mengi yaliyoandikwa jina la mume, hali anayepalilia, anayeokota na anayeleta mzigo mizanini ni mke. Mtu tumtakaye awe na uvumilivu wa kusafisha maandishi kama hayo, jina kwa jina, bila kubuni, na kila anapobadili kitu aandike amebadili nini na kwa sababu gani. Wanaoifanya kazi hii husema kwamba kusafisha huchukua sehemu kubwa ya muda kuliko kuchambua kwenyewe. Mwombaji atakayeidharau kazi hiyo akiona ni ya makarani, huyo hatufai.

Hapa pana jambo la kangomba, nalo hatuwezi kulipita kimya. Mchambuzi mwenye jicho ataona mara moja mkulima mwenye ekari mbili aliyeleta tani 4. Mikorosho ikipandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja huchukua miti 28 hivi. Ekari mbili ni miti 56; hata tukiuhesabia kila mti kilo 15, ambazo ni nyingi, hazifiki kilo 900. Basi tani 4 zimetoka wapi? Inawezekana kabisa mtu huyu amewanunulia wenzake kwa bakuli wakati wa njaa, kwa bei ya kuwadhulumu. Lakini inawezekana pia ameleta mzigo wa mama yake mzee na wa shemeji zake wawili, au analo shamba jingine ng'ambo ya mto ambalo halijaandikwa. Wengi watakumbuka uhakiki wa mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wakulima wa kweli nao walingoja malipo pamoja na walanguzi mpaka kila mmoja ahakikiwe. Kwa hiyo twataka mtu ajuaye kutofautisha kati ya alama ya kuuliza na hati ya mashtaka. Atuletee orodha ya wa kuulizwa, wala asituletee orodha ya wezi.

Juu ya lugha tutasema wazi. Tumeona taarifa nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza kigumu, zenye michoro arobaini, zikafungwa kwa jalada zuri na kuwekwa kabatini. Mwandishi alilipwa, mkulima hakujua kilichoandikwa. Mchambuzi wa Chama hiki sharti aweze kusimama mbele ya mkutano wa kijiji, pasipo umeme wala ukuta wa kurushia picha, akaeleza kwa Kiswahili fasaha alichokiona, na mzee asiyesoma akaelewa na kumwuliza swali. Akiweza hilo, ataweza kumweleza Meneja pia. Tusidhani kwamba kusema kwa wepesi ni dalili ya ujuzi mdogo. Sisi twaona kinyume: ajuaye jambo kwa nusu ndiye hujificha nyuma ya maneno makubwa.

Michoro nayo ina ulimi wake, na ulimi huo hudanganya. Tuseme bei ya mwaka jana ilikuwa shilingi 3,000 na ya mwaka huu ni 3,100. Mchoraji akiuanzisha mchoro wake kwenye 2,950 badala ya sifuri, nguzo ya mwaka huu itasimama mara tatu ya ile ya mwaka jana, na mtazamaji ataondoka akiamini kwamba bei imepanda mara tatu, hali imepanda kwa shilingi mia. Hakuna tarakimu ya uongo hapo, lakini macho yamedanganywa. Mwombaji tutamwonyesha mchoro kama huo na kumwuliza anauonaje, bila kumdokezea.

Sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti, tunafika penye ugumu, na kwa idhini yako tutasema bila kuzunguka. Ujuzi wote tulioutaja ni bure ikiwa mtu huyu hawezi kumwambia mkubwa wake habari asiyoipenda. Na yeye hataweza kusema hivyo kama sisi tutamweka mahali ambapo kusema ni kujifukuzisha kazi. Katika kamati yetu ilitolewa rai kwamba awe chini ya idara ya masoko na maghala, kwa kuwa taarifa nyingi zatoka huko. Wengi wetu tulikataa. Yule mpimaji wa Usukuma angekuwa na faida gani kama mshahara wake ungelipwa na mnunuzi? Mapendekezo yetu ni kwamba awe chini ya Meneja Mkuu kwa kazi za kila siku, lakini kila robo ya mwaka taarifa yake isomwe mbele ya Bodi na yeye mwenyewe akiwapo, kama alivyoiandika, bila kupita kwanza kwa mtu wa kuinyoosha. Na atakapoleta jambo linalougusa upande wa mmoja wetu viongozi, jambo lichunguzwe kwanza kabla ya kuchunguzwa nani amelileta.

Najua, au tuseme sote twajua, kwamba maneno hayo ni mepesi siku ya sherehe na mazito siku yenyewe ikifika. Ndiyo sababu tumetaka yachapwe katika kijitabu hiki.

Kuhusu siri hatuna maneno mengi. Mtu huyu atakuwa na majina ya wanachama wote, namba zao za simu, akaunti zao na mapato yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatubana sisi wenye kukusanya taarifa kama inavyombana yeye. Mfanyabiashara wa mikopo angelipa fedha nyingi kwa orodha ya wakulima wanaongoja malipo. Basi tutauliza habari za mwombaji huko alikotoka, si kwa barua tu bali kwa kwenda wenyewe, na kabla hajaanza kazi ataapishwa kiapo cha kutunza siri.

Njia tutakayoitumia kuwapima waombaji ni hii. Hatutawauliza sana habari za maisha yao. Tutawapa leja ya msimu mmoja ya chama kimoja cha msingi, majina yakiwa yamebadilishwa, ikiwa na makosa yake yote kama ilivyoletwa: mahali pengine magunia yameandikwa badala ya kilo, mahali pengine tarehe za mwaka ambao haujafika, na wakulima waliorudiwa. Watakaa nayo asubuhi nzima. Saa saba tutawaita mmojammoja. Kwanza tutauliza: umekuta nini kibaya katika maandishi haya? Anayeanza kutupa majibu kabla ya kutuambia ubovu wa maandishi tutamtilia shaka. Kisha tutauliza ni swali gani hawezi kulijibu kwa leja hii. Katika maswali yote, hilo ndilo tunalolitegemea zaidi, kwa kuwa mtu mwaminifu atajua mwisho wa ujuzi wake uko wapi, na mjanja atajibu kila kitu. Mwisho tutamwomba awaeleze alichokipata wakulima watatu tutakaowaalika, mmoja wao mwanamke mwenye shamba lake mwenyewe, na hao watatu watakuwa na kura sawa na sisi.

Wengine wameuliza mtu wa namna hiyo atapatikana wapi. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambacho kilianza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963, hutoa vijana wanaojua sheria na desturi zetu. Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika kilichopo Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1965, hutoa wanaojua hesabu. Yamkini hatutampata mtu mmoja mwenye yote mawili. Ikiwa tutalazimika kuchagua, baadhi yetu wangemchukua mjuzi wa takwimu wakamfundisha ushirika. Wengine, nasi ndio wengi kidogo, tungemchukua kijana aliyepata kushika kalamu mizanini kijijini, mwenye kichwa cha hesabu, tukamlipia masomo ya kanzidata. Jambo hili hatukulimaliza, na Mkutano Mkuu una uhuru wa kutuelekeza.

Mshahara wake usiwe wa kumfanya atazame mlango kila siku. Ni heri tuajiri mmoja kwa haki kuliko wawili kwa upungufu. Aajiriwe si baadaye ya mwezi wa Mei, ili aone ugawaji wa salfa kwa macho yake kabla maua hayajatoka, na awe amevitembelea vyama vya msingi vyote kabla mizani haijafunguliwa Oktoba. Muda wa majaribio uwe msimu mzima, usiwe miezi mitatu, kwa kuwa miezi mitatu yaweza kupita pasipo kilo moja kupimwa. Na kazi yake ya kwanza tumekwisha kuichagua: atalinganisha uzito wa kijijini na uzito wa ghala kuu kwa misimu mitatu iliyopita, chama kwa chama, akitoa kwanza sehemu ya unyevu kama tulivyoonyesha. Majibu yatabandikwa katika ofisi ya kila chama cha msingi, yakiwa na jina la ghala na idadi ya kilo, mahali ambapo kila mwanachama ataweza kuyasoma au kusomewa.